Injini Inapogonga Mlimani: Sensa ya Noki, Taimingi na Msimbo P0325

Mwenye Harrier akifika gereji Bukoba mjini taa ya injini ikiwa imewaka, na mashine ya kupimia ikatoa P0325, mazungumzo hayachukui muda. Sensa ya noki imekufa, itafutwe nyingine. Akija mwenye Probox ambaye gari lake hutoa mlio mkavu wa chuma kila linapopanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu na mzigo wa ndizi, na mashine isitoe msimbo wowote, ataambiwa gari ni zima, aendelee na safari. Majibu yote mawili yanaweza kuwa na kasoro, na kasoro ni ileile: kudhani kwamba taa ya injini huwaka injini inapogonga.

Haiko hivyo. Misimbo ya kundi la P0325 huripoti hali ya sensa yenyewe na waya unaoiunganisha na kompyuta. Injini ikigonga kweli na sensa ikiwa nzima, kompyuta hunyamaza na kufanya kazi yake: inachelewesha moto wa plagi, mgongano unakoma, dereva haambiwi chochote. Kwa hiyo taa ikiwaka kwa msimbo huu, mara nyingi injini haigongi. Na injini ikigonga, mara nyingi taa haiwaki. Ukilishika hili, mengi yanayofanyika gereji kuanzia Bukoba hadi Muleba utayaona kwa jicho jingine.

Tuanze ndani ya silinda. Plagi haisubiri pistoni ifike juu kabisa. Inarusha cheche mapema kidogo, kwa sababu petroli na hewa haviungui kwa mara moja. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa hadi kwenye kuta. Cheche ikipangwa vizuri, shinikizo hufikia kilele pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, kama digrii 12 hadi 16 za mzunguko wa krenkshafti baada ya kufika juu. Hapo ndipo msukumo huzaa nguvu nyingi zaidi. Ukiwahisha cheche kupita kiasi, au hewa ikiwa ya moto mno, au petroli ikiwa dhaifu, ile hewa na petroli iliyobaki pembeni hubanwa na kupata joto hadi ilipuke yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo hutuma mawimbi ya shinikizo yanayopiga kuta za silinda, na huo ndio mlio ambao dereva anausikia. Ukiendelea kwa muda mrefu hula kingo za pistoni, huvunja ringi na kuchoma gaskiti ya silinda hedi.

Kila silinda ina sauti yake ya kugonga, na sauti hiyo inategemea zaidi upana wake. Injini ya 1NZ-FE, ile ya IST na Probox za lita 1.5, ina silinda yenye upana wa milimita 75, na kwa hesabu ya kukadiria hugonga kwenye masafa ya kilohezi 7.5 hivi. Ile ya 2AZ-FE ya Harrier ya lita 2.4, yenye upana wa milimita 88.5, hushuka hadi karibu kilohezi 6.5. Sensa ya noki ni sikio lililofungwa kwa boliti kwenye bloku ya injini. Ndani yake kuna kipande cha kristali kinachotoa umeme kidogo kila kinapotikiswa, tabia ambayo ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha mwaka 1880. Magari yalichelewa sana kuitumia. Buick ya Marekani ilikuwa miongoni mwa za kwanza, mwaka 1978, kwenye injini yake ya V6 yenye turbo.

Kazi ngumu ni ya kompyuta, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Injini yenyewe ina kelele nyingi: valvu zinafunga, injekta zinagonga, cheni inazunguka. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, injini ya silinda nne huwasha moto mara 100 kila sekunde. Kompyuta haisikilizi muda wote. Kwa kuwa inajua krenkshafti iko wapi, hufungua dirisha fupi baada ya kila silinda kufika juu, ikapima sauti ya masafa yale, ikailinganisha na kelele ya kawaida ya injini hiyo kwa mwendo huo. Sauti ikizidi, hurudisha moto nyuma digrii kadhaa palepale. Kisha huurudisha mbele polepole, kidogo kidogo, ikisikiliza kila hatua, hadi ifike tena karibu na mpaka wa kugonga. Gari zima huishi kwenye mpaka huo, kwa sababu ndipo penye nguvu nyingi na matumizi madogo ya mafuta.

Fundi aliyejifunzia kwenye Corolla za zamani zenye distributa hapa hupata taabu. Alizoea kulegeza boliti, kuzungusha distributa kidogo kwa mkono, mlio ukaisha. Kwenye IST hakuna cha kuzungusha. Kila plagi ina koili yake, na taimingi ya moto ni uamuzi wa kompyuta, unaobadilika mara nyingi kwa sekunde moja. (Mkanda au cheni ya taimingi ni habari nyingine kabisa, ingawa ikiruka jino huleta vurugu zinazofanana.)

Sasa misimbo. P0325 husema kuna hitilafu kwenye mzunguko wa umeme wa sensa ya kwanza. P0326 husema ishara inafika lakini haiko ndani ya kiwango kinachotarajiwa. P0327 ni ishara ya chini mno, P0328 ni ya juu mno. Injini za V zenye sensa mbili huongeza P0330 hadi P0333 kwa upande wa pili. Toyota za zamani zaidi hazitoi herufi hizi. Taa humweka mara tano, ikatulia, ikamweka mara mbili, nayo ni 52, sensa ya noki. Tazama jinsi karibu zote zinavyozungumza kama fundi umeme, zikihesabu volti na mzunguko, bila neno hata moja juu ya petroli. P0326 pekee ndiyo wakati mwingine hugusa kelele halisi ya injini, na hiyo nayo mara nyingi huletwa na sensa iliyolegea au iliyofungwa vibaya.

Kompyuta ikipoteza sikio lake hufanya jambo la busara. Kwa kuwa haiwezi tena kujua kama injini inagonga, huchukulia kwamba huenda inagonga wakati wote, ikarudisha moto nyuma hadi mwisho wa kiwango inachoruhusiwa. Kwa Toyota nyingi hali hii hudumu hadi swichi izimwe. Dereva hulihisi mara moja: gari linapoteza nguvu, linakunywa mafuta, linapanda mlima kwa kulazimishwa. Moto unaochelewa huendelea kuungua huku valvu za kutolea moshi zikifunguka, kwa hiyo joto kubwa huhamia kwenye ekzosi na masega ya katalisti. Kwenye baadhi ya V6, kompyuta huzuia hata gia ya juu kabisa ya gia boksi. Haya yote hutokea injini ikiwa haijagonga hata mara moja.

Jiografia ya mkoa huu wa Kagera nayo ina lake la kusema. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata mtu anayeegesha ufukweni Bukoba tayari yuko juu kuliko jiji lolote la pwani. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la Dar es Salaam kwa kama asilimia 12. Injini isiyo na turbo huvuta hewa pungufu, hubana hewa pungufu, na shinikizo ndani ya silinda halifiki kule linakofika baharini. Matokeo ni mawili. Kwanza, gari hupoteza sehemu ya nguvu zake bila kuwa na ugonjwa wowote, na mtu aliyelileta kutoka Dar es Salaam hulalamika gereji kwa jambo ambalo hakuna spea itakayoliponya. Pili, uwezekano wa kugonga hupungua. Ndiyo maana kwenye miinuko ya milima ya Rocky kule Marekani vituo huuza petroli ya daraja la chini kuliko tambarare, 85 badala ya 87 kwa kipimo chao.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, gari la kawaida la Bukoba au Muleba lisilo na turbo likitoa P0325 au P0327, dau langu la kwanza ni waya. Kuna sababu nyingine ya kuelekea huko: mvua. Bukoba ni kati ya miji inayopata mvua nyingi kuliko yote Tanzania, kama milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa haupumziki. Pini za plagi ya waya zikishika kutu ya kijani, ishara dhaifu ya sensa hupotea njiani. Ongeza uoshaji wa injini kwa maji ya presha, tabia inayopendwa sana kabla ya kuuza gari. Kwenye Harrier yenye V6 ya 1MZ-FE, sensa mbili zimelala bondeni katikati ya silinda, chini ya manifoldi ya hewa. Maji huingia hapo na kukaa. Panya nao hupapenda, maana pana joto na pamejificha; gari likiegeshwa usiku jirani na migomba au ghala la kahawa, meno yao hayachagui waya. Kufika hapo ni kufungua manifoldi nzima, gaskiti mpya, nusu siku ya kazi au zaidi, na ndiyo maana bei ya kazi hiyo huzidi bei ya sensa yenyewe.

Kazi hiyo ndiyo iliyozaa ujanja. Fundi asiyetaka kufungua manifoldi, au mteja asiyetaka kulipa, hukubaliana njia ya mkato: waya wa upande mmoja unaunganishwa na wa pili ili sensa moja nzima itumike kwa pande zote, au resista inafungwa mahali pa sensa ili kompyuta ione volti inayotarajia. Sensa bapa za Toyota zina resista ya kiloomu 200 ndani yake, na kipimo cha kitabu ni kati ya kiloomu 120 na 280 kwenye nyuzi joto 20, kwa hiyo kudanganya si kazi kubwa. Taa ikizimika, nguvu hurudi, mteja hufurahi. Lakini angalia kilichotokea. Sensa iliyokufa na kutoa msimbo iliiacha injini salama, kwa sababu kompyuta ilirudisha moto nyuma. Resista inaiambia kompyuta kwamba kuna utulivu kamili, nayo husogeza moto mbele hadi mwisho wa ramani yake. Siku gari litakapopata petroli mbaya au litakapochemka mlimani, hakuna atakayesikia. Kwa gari la turbo ujanja huu ni hasara inayongoja siku tu.

Na petroli mbaya ipo? Kwa vituo vinavyofuata utaratibu, hofu ni ndogo kuliko inavyosemwa vijiweni. Petroli ya kawaida ya Japani inatakiwa kuwa na oktani isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. IST, Probox, Premio na ndugu zao zilitengenezwa kwa ile ya kawaida, kwa hiyo petroli inayokidhi viwango vya nchi haipaswi kuzisumbua. Walio hatarini ni wenye Subaru za turbo na magari mengine yanayodai daraja la juu. Maelezo yamebandikwa kwenye kifuniko cha tanki, ila yameandikwa kwa Kijapani, na wanunuzi wengi hawajui hata kwamba wameambiwa jambo.

Uchakachuaji una historia yake. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hushusha oktani haraka, na kwa muda mrefu tofauti ya bei kati ya hayo mawili ilikuwa kishawishi tosha. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba (alama za kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Hata hivyo Bukoba iko mwisho wa njia ndefu kutoka bandarini, takriban kilomita 1,400 za barabara, na bei elekezi za EWURA kila mwezi huionyesha safari hiyo. Petroli ya chupa za plastiki inayouzwa vijijini kwa bodaboda ni biashara nyingine, isiyo na mtu wa kuipima. Bodaboda nyingi hazina sensa ya noki kabisa. Taimingi yake hupangwa na kifaa kisichosikia chochote, na mpanda pikipiki hutegemea sikio lake mwenyewe na kushusha gia.

Sababu za kugonga ninazoziogopa zaidi ya petroli ziko ndani ya gari. Safari fupi za mjini, kutoka Kashai hadi sokoni na kurudi, huacha masizi kwenye chumba cha mwako. Masizi hupunguza nafasi na kushika joto. Injini za 1ZZ-FE na 2AZ-FE zinajulikana kwa kula oili zinapochakaa, na oili inayoingia kwenye mwako hushusha oktani ya kile kinachoungua. Kisha kuna thermostati, ambayo mafundi wengi huitoa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Matokeo yake injini huchelewa kupata joto lake, kompyuta humwaga petroli zaidi, masizi huongezeka. Mwingine hujaza rejeta maji ya kisima badala ya kulanti. Chumvi hugandamana kwenye njia za maji, na gari likipanda na mzigo silinda hedi huchemka kabla ya geji kusema lolote. Plagi za joto lisilo lake, zilizonunuliwa kwa sababu zimeingia kwenye tundu, hukamilisha orodha.

Upande mwingine kuna milio inayodanganya. Beringi ya koni rodi iliyochakaa hugonga kwelikweli, na sensa huweza kuisikia ikadhani ni mlipuko, kompyuta ikarudisha moto nyuma bila faida. Bati la ekzosi lililolegea hufanya vivyo hivyo. Noah na Voxy za 1AZ-FSE, zile za D-4 zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zina pampu ya presha kubwa na injekta zenye tiktiki isiyoisha, na kuna watu walioambiwa wafungue injini kwa sababu ya sauti ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Wenye Hiace za dizeli hucheka wakisikia haya yote, maana kwao kugonga ndiyo maisha ya kila siku ya injini. Na ni kweli, dizeli huwaka kwa kubanwa, bila cheche ya plagi, kwa hiyo hesabu zake ni nyingine.

Utapimaje, basi, ukiwa Muleba na si makao makuu ya kampuni ya magari? Kama msimbo umetoka, anza na vitu vya bei ndogo: fungua plagi ya waya, tazama kutu, pima ukinzani wa sensa bapa, pima kama waya umekatika au umegusa bodi. Angalia boliti. Sensa bapa hukazwa kwa nyutoni mita 20 hivi, na kipimo hicho kina maana yake: ikilegea haisikii vizuri, ikikazwa kwa hasira kristali hupasuka, na washa ya ziada au silikoni chini yake huibadilisha sauti. Kama hakuna msimbo ila kuna mlio, msimbo hautakusaidia, hata uufute mara ngapi. Hapo unahitaji kuona taimingi yenyewe injini ikiwa kazini. Vifaa vidogo vya bluetuthi vinavyoingia kwenye simu huonyesha digrii za moto moja kwa moja. Panda mlima uleule, gia ileile, abiria walewale, kabla na baada ya kujaza mafuta kituo kingine. Digrii zikianguka ghafla kila unapokanyaga kwa mafuta ya kwanza na zisianguke kwa ya pili, jibu umelipata bila kufungua boliti hata moja.

Ila kifaa hicho kinaweza kugoma. Magari mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani kabla ya Oktoba 2008, pale Japani ilipoanza kudai mfumo unaofanana na wa kimataifa, yana soketi yenye matundu 16 lakini huzungumza lugha ya kiwanda. IST ya 2003 inaweza kukikataa kifaa, na mwenye gari akadhani kontroli boksi imekufa. Kwa nyingi za Toyota hizo njia ya zamani bado inafanya kazi: unganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya mfupi, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu mimweko ya taa. Kwa taimingi ya moja kwa moja itabidi umtafute fundi mwenye mashine inayoijua Toyota ya Japani, na Bukoba wapo.

Lililobaki ni la wanunuzi. Muuzaji anayefuta msimbo asubuhi ya kukuonyesha gari hajarekebisha kitu, na kwa kosa la sensa ya noki taa huenda isirudi hadi injini izunguke kwa kasi na kubeba mzigo. Kuzungushwa mtaani taratibu hakutoshi. Kwenye magari mapya zaidi, uliza mashine gari limetembea kilomita ngapi tangu misimbo ifutwe. Jibu la kilomita 3 linajieleza. Kisha omba kuendesha mwenyewe, injini ikiwa imepata joto, hadi ule mpando wa Muhutwe, watu wanne ndani, ukikanyaga kwa mizunguko 2,500 na zaidi kwa dakika kadhaa. Muuzaji akisema mafuta hayatoshi, jitolee kuyanunua, na uchague kituo wewe.